Kijana mwenye sonona na miwani ya uhalisia pepe: itumikeje kwenye tiba?

Swali: Mimi ni mshauri nasaha wa wanafunzi wa chuo, wengi wao wana umri wa miaka 18 hadi 25. Kituo chetu kimepewa seti mbili za miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayomfanya mvaaji aone na kusikia kana kwamba yuko mahali pengine. Wapo vijana wenye sonona ambao tiba ya mazungumzo inakwama kwa sababu kati ya kikao na kikao hawafanyi chochote tulichokubaliana. Je, miwani hii inaweza kusaidia, na nianzie wapi? Wenzangu wengine wanasema ni mchezo tu, wengine wanaamini itawaponya.

Jibu: Inaweza kusaidia, na inasaidia hasa pale ulipopagusa: kwenye pengo la kati ya kikao na kikao. Haiponyi sonona. Ukiipa kazi ya kuponya itakuangusha ndani ya wiki tatu, maana ugeni wake huisha upesi, na vijana wa rika hilo wengi wameshaona michezo ya kompyuta yenye picha nzuri kuliko utakazowaonyesha.

Tuanze na sababu ya karatasi ya kazi za wiki kurudi tupu. Kijana mwenye sonona huacha mazoezi, huacha marafiki, huacha hata kuoga. Kila anachokiacha kilikuwa kinampa chembe ya furaha au chembe ya kujiona anaweza, na chembe hizo zikiisha hali inazidi kuwa nzito, naye anazidi kujifungia. Tiba ya kurejesha shughuli hulivunja duara hilo kwa upande wa matendo: mtu hasubiri hamu irudi ndipo atende, anatenda kidogo ili hamu ipate pa kurudia. Hii ni tiba kamili, wala si ya kujazia nafasi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 440, ulionyesha kwamba ikitolewa na wahudumu wa ngazi ya chini waliofundishwa vizuri haizidiwi na tiba ya fikra na tabia inayotolewa na wataalamu wabobezi. Kikwazo kiko kwenye hatua ya kwanza. Kijana anakadiria mapema kwamba akienda hatafurahia lolote, anayaamini makadirio hayo kama ukweli, kwa hiyo haendi. Na kwa kuwa haendi, hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba alikosea.

Miwani inakupa nafasi hiyo mkiwa pamoja ofisini. Anakadiria, anafanya, anapima, yote ndani ya robo saa, nawe upo. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na mengine yote nitakayoeleza yanaitumikia.

Kabla sijaingia kwenye utaratibu, ujue ushahidi umefika wapi ili usiahidi zaidi ya uwezo. Kwa hofu, uhalisia pepe una historia ndefu: mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la kutibu hofu ya kuwa mahali pa juu, na mwaka 2018 Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford alionyesha matokeo makubwa kwa watu 100 wenye hofu hiyo hiyo, safari hii mwelekezaji akiwa mhusika wa kompyuta ndani ya programu. Kwa sonona tafiti ni chache na ndogo. Margot Paul na Kim Bullock wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wamejaribu kurejesha shughuli kwa kutumia miwani, na jaribio lao la mwaka 2024 lilikuwa na watu 26. Dalili zilipungua, ila miwani haikuthibitika kuishinda tiba ileile ikitolewa bila miwani. Mchuuzi wa programu akikuambia kifaa chake kimeidhinishwa Marekani, muulize kimeidhinishwa kwa ugonjwa gani. Idhini ya mwaka 2021 inayotajwa sana ilikuwa ya maumivu sugu ya kiuno.

Kikao kinavyokwenda

Chukua kikao cha dakika 50. Dakika 10 za mwanzo ni zenu uso kwa uso: wiki ilikuwaje, usingizi ukoje, kazi ya nje ilifanyika au haikufanyika, na swali la kujidhuru liulizwe kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Kisha mweleze mnakokwenda, tuseme kukaa ukingoni mwa ziwa asubuhi. Kabla hajaigusa miwani mpe kipande cha karatasi na kalamu: kati ya 0 na 10, unadhani utafurahia kwa kiasi gani? Anaandika 1. Aandike kwa mkono wake, wala usiishike namba hiyo kichwani kwako, kwa sababu sonona hupaka rangi hata kumbukumbu za dakika chache zilizopita, na baadaye atakuambia kwa dhati kwamba alitarajia 4.

Ndani ya miwani akae dakika 5 kikao cha kwanza cha kuivaa, baadaye dakika 10, zisizidi 15. Kiti kiwe kinachozunguka lakini kisicho na magurudumu, ili ageuke kutazama nyuma bila kuserereka chumbani. Unganisha miwani na skrini yako uone anachokiona. Sauti ya programu iwe ya chini kiasi cha yeye kukusikia bila wewe kupaza sauti.

Usimwache kimya muda wote. Kila dakika mbili tatu muulize jambo la hisi: upande wa kushoto unasikia nini? Karibu na miguu yako kuna nini? Mwanga unatoka wapi? Sonona humvuta mtu arudi kwenye mawazo yaleyale yanayojizungusha, na swali la hisi humtoa humo. Swali la kuepuka ni lile linalotujia wepesi kuliko yote, "unajisikiaje sasa?" Linamgeuza aanze kujikagua, na furaha changa haistahimili ukaguzi.

Akishavua, mpe dakika mbili atazame kitu kilichotulia upande wa pili wa chumba, anywe maji kidogo. Ndipo namba ya pili. Tuseme anaandika 3.

Hapa ndipo washauri wengi wanapoharibu: wanashangilia. Tatu kati ya kumi haimpendezi mtu yeyote, na kijana akiona unaisherehekea atadhani hukumwelewa. Unachokitafuta ni umbali wa kutoka 1 hadi 3. Weka karatasi mbele yenu wote wawili, kisha uliza taratibu: "Kichwa chako kilikuambia 1, ulipofika ukakuta 3. Ndiyo sauti ileile iliyokuambia Jumamosi usiende kwa rafiki yako?" Halafu nyamaza. Mara nyingi kikao kizima kinakaa kwenye ukimya huo.

Siku nyingine namba ya pili itakuwa ndogo kuliko ya kwanza. Alitarajia 5, amepata 2, na anasema, "Hata ziwa zuri namna hii halinigusi, kweli nimeharibika." Hili ndilo jeraha ambalo mandhari ya kupendeza inaweza kulitia, nawe ulitarajie kabla halijaja. Usibishane na namba. Mweleze kwamba ganzi ya furaha ni dalili ya sonona kama homa ilivyo dalili ya maambukizi, kisha tafuta dakika moja ndani ya zile kumi ambayo haikuwa 2. Karibu daima ipo: ndege alipopita, au upepo ulipoyatikisa majani. Kikao kijacho acha mandhari ya kutazama tu, mpeleke kwenye jambo la kufanya kwa mikono, kama kurusha mpira, kuchora hewani au kupiga ngoma. Ganzi ikiwa nzito, kufanya hufika mahali ambapo kutazama hakufiki.

Pacha wa nje

Kila mandhari unayoitumia iwe na pacha wake nje ya miwani, na pacha huyo afanyike ndani ya saa 48. Ziwa ndani ya miwani, benchi penye mti nje. Kurusha mpira ndani, kumrushia mdogo wake mpira nje. Mandhari ambayo huwezi kuitajia pacha, kama kuruka angani au kutembea mwezini, iache. Inastarehesha lakini haina inakoelekea, na kijana anayejificha tayari kwenye skrini ya simu usimwongezee maficho mengine.

Pacha aandikwe kwa siku, saa, mahali na muda, na muda uwe mdogo kuliko anaoutaja yeye. Akisema atatembea nusu saa, andika dakika 10. Siku anazopendekeza makubwa ni siku anazotaka kukufurahisha, na kazi kubwa isipofanyika inamrudishia ushahidi dhidi yake mwenyewe. Namba mbili, ya kabla na ya baada, aziandike huko nje pia. Hizo za nje ndizo zenye uzito. Za ofisini zilikuwa mazoezi.

Kwa kijana ambaye sonona yake imechanganyika na hofu ya watu, jambo linalotokea sana katika umri huo, panga mandhari kama ngazi: ukumbi mtupu, ukumbi wenye watu wachache wasiomtazama, watu wakimtazama, kisha kusema sentensi moja mbele yao. Hapa unafanya tiba ya kukabili hofu, na unasimama juu ya ushahidi imara zaidi. Asivue miwani hofu ikiwa kileleni. Abaki humo huku akigundua kwamba alilolitarajia halitokei. Akivua kila inapopanda, anajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

Kuna mbinu nyingine utakayoisikia, ya kujihurumia, iliyojaribiwa na watafiti Caroline Falconer, Mel Slater na Chris Brewin kwa watu 15 wenye sonona, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Mshiriki akiwa na mwili wa mtu mzima ndani ya miwani anambembeleza mtoto anayelia. Kisha mambo yanageuzwa: yeye sasa yumo katika mwili wa mtoto, anatazama juu, na anasikia sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa ikimwambia yale maneno ya upole. Tukio lilichukua dakika 8, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Mwezi mmoja baadaye watu 9 walieleza kupungua kwa dalili, na kwa 4 kati yao upungufu ulikuwa wa maana kitabibu. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo ichukue kama dokezo zuri. Usimpeleke humo kijana aliyeumizwa utotoni kabla hujajua historia yake na kabla hujawa na uzoefu wa kutibu kiwewe, kwa sababu mtoto anayelia anaweza kufungua mlango ambao hamjajiandaa kuufunga.

Mahali vifaa vinapokwamisha tiba

Kichefuchefu ndicho kikwazo cha kwanza. Macho yanaona mwili unakwenda, sikio la ndani linasema umekaa, na mgongano huo humchafua mtu tumbo. Kwa hiyo chagua mandhari ambayo mteja hasogezwi na programu. Kama ni lazima ahame, ahame kwa kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, si kwa kuteleza. Picha zisipungue 72 kwa sekunde, na 90 ni bora. Lenzi zirekebishwe kulingana na umbali kati ya mboni na mboni, ambao kwa watu wazima wengi ni milimita 54 hadi 74. Ukiacha kipimo cha mteja aliyetangulia, huyu atatoka na maumivu ya kichwa, na utadhani ni sonona inayosema. Muulize pia kama ameanza dawa wiki hizi. Dawa nyingi za sonona huleta kichefuchefu siku za mwanzo, na miwani juu yake ni mzigo wa pili; subiri kitulie. Dalili ya kwanza ya kuiwahi ni jasho la ghafla, kupauka au kupiga miayo. Ukiiona, vua. Mtu hazoei kwa kuvumilia. Na asiendeshe chombo chochote mpaka kichwa kiwe kimetulia kabisa. Nusu saa ni kiwango cha chini.

Ukitumia video za digrii 360, tazama ubora wake kwa hesabu. Video ya 4K ina nukta 3840 kwa upana, lakini upana huo umezunguka duara zima. Mteja anaona takriban robo ya duara kwa wakati mmoja, basi mbele ya macho yake zinabaki kama nukta 960, na mandhari inaonekana yenye ukungu. Tafuta 5.7K kwenda juu. Kama mtarekodi wenyewe, na ningependa mrekodi, kwa sababu njia ya kweli ya chuo chenu ndiyo pacha wa karibu kuliko wote, kamera isimame juu ya stendi bila kutikisika, kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi, mita 1.1 hadi 1.2. Ikirekodiwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, mteja aliyekaa anajihisi anaelea, na mwili wake haukubali kwamba yupo pale.

Kila asubuhi washa seti zote mbili kabla ya mteja wa kwanza, umalize masasisho, na uzime taarifa za kuchomoza. Hakuna kinachovunja kikao kama dirisha la "sasisha sasa" katikati ya ukimya. Chaji ya miwani nyingi zisizo na waya hudumu takriban saa mbili. Kifuniko cha uso kiwe cha silikoni au ngozi bandia inayofutika kwa spiriti kila baada ya mtu mmoja, sifongo tupu hainawi vizuri. Lenzi zisiguswe na spiriti. Zifutwe kwa kitambaa kikavu cha nyuzi laini. Na miwani isiachwe kamwe lenzi zikielekea dirishani: lenzi hukusanya jua kama kioo cha kukuza na kuiunguza skrini kwa dakika chache, nalo doa hilo halitoki.

Mguso unahitaji ruhusa. Mtu aliyefunikwa macho akishikwa bega bila kutarajia hushtuka, na aliyewahi kudhulumiwa hushtuka zaidi. Kubalianeni mapema: nitakuita jina kwanza, sitakugusa ila useme ndiyo, na ukinyoosha mkono juu ninakusaidia kuvua papo hapo. Akilia ndani ya miwani, usiivute. Muulize kama anataka kubaki au kutoka, kisha heshimu jibu.

Nani asivalishwe

Mwenye kifafa au historia ya degedege linaloletwa na mwanga wa kumetameta, mwenye saikosisi (kupoteza uhusiano na uhalisia) inayoendelea, aliye katika mania (msisimko uliopita kiasi), aliyeumia kichwa karibuni, mwenye ugonjwa wa sikio la ndani: hawa usiwavalishe bila daktari wao kuhusika. Kipandauso kikali, jicho jekundu na mafua yenye kuziba masikio ni sababu za kuahirisha. Kijana anayekuambia kwamba dunia inamwonekea kama si ya kweli, au mwili wake kama si wake, miwani inaweza kumwongezea hali hiyo; endeleeni bila kifaa.

Tumia dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya dalili za sonona, kila wiki mbili, maana lenyewe linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama zake ni 0 hadi 27, na kuanzia 10 sonona ni ya wastani au zaidi. Kushuka kwa alama 5 ni mabadiliko ya maana. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, lisome kabla ya kujumlisha alama zozote. Likijibiwa chochote zaidi ya 0, miwani inabaki sandukuni siku hiyo na kikao kinakuwa cha usalama: mpango upo? Njia anayo mkononi? Nani atakuwa naye leo usiku? Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29. Huyo ndiye mteja wako.

Siri za mteja zina tundu jipya hapa. Miwani hurekodi mwendo wa kichwa na mikono, na baadhi hufuata hata macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mwaka 2023 kwamba sekunde 100 za mwendo huo zilitosha kumtambua mtu mmoja miongoni mwa zaidi ya 50,000, kwa usahihi wa asilimia 94 hivi. Kwa hiyo fungua akaunti ya kituo, isiyo na jina la mteja, pakua mandhari mapema ili vikao viendeshwe intaneti ikiwa imezimwa, na uyaandike haya kwenye fomu ya ridhaa kwa lugha ambayo kijana ataielewa akiisoma peke yake.

Kwa mpangilio wa jumla, kikao cha kwanza kiwe bila miwani, kuanzia cha pili hadi cha tano muitumie, cha sita na cha saba muda wake upungue hadi dakika 5, na cha nane isitoke sandukuni. Ukifika kikao cha tano na namba za nje bado hazijaanza kuandikwa, acha kifaa na utafute kinachozuia, kwa kawaida usingizi uliopinduka usiku kuwa mchana, pombe, au jambo la nyumbani ambalo hajakuambia. Na kijana akiiomba miwani katika kikao cha nane, muulize ni pacha yupi bado hajamkamilisha, kisha mpangeni huyo.